Tukiondoka Awamu ya Tano, Hatujapoteza Tiketi

Binti yetu alikuwa na miaka mitatu na nusu siku tulipompeleka kwa mara ya kwanza kwenye uwanja mkubwa wa besiboli. Tulitoka nyumbani Columbus, Ohio, alfajiri, tukaendesha gari mpaka mchana, tukalipia hoteli, tukalipia maegesho. Tiketi zilikuwa za viti vya mbele, maana mume wangu alikuwa ameisubiri siku hiyo mwaka mzima. Awamu ya nne kati ya awamu tisa za mchezo, mtoto akaanza kulia. Mimi nikashikilia kwamba tumelipa na tutakaa mpaka mwisho. Nikambembeleza kwa bisi, nikamkaripia, mwishowe baba yake akambeba wakaenda kusimama kwenye ujia nyuma ya viti, na mchezo wenyewe akausikia kwa makelele ya watu tu. Usiku hotelini mtoto akaniuliza, "Mama, kesho haturudi kule, eti?"

Swali hilo lilinikaa moyoni. Tangu hapo tumekwenda viwanja vingine kadhaa, sasa watoto wakiwa wawili, na kuna jambo moja ninaloliamini bila kuyumba: mtoto mdogo ndiye anayeamua mechi inaisha lini. Akichoka awamu ya tano, tunaondoka awamu ya tano. Akichoka ya pili, tunabeba mikoba yetu ya pili hiyo hiyo, wala hatununi njiani.

Nawajua wanaosafiri kwa nia ya kuvimaliza viwanja vyote 30 vya ligi kuu ya besiboli. Wanapiga picha mlangoni, wanaweka alama kwenye ramani, wanahesabu vilivyobaki. Ni safari nzuri kwa watu wazima. Mtoto wa miaka minne hana habari na ramani. Anachokijua ni jua linalomchoma, kiu, na haja iliyombana huku watu kumi na wawili wameketi kati yake na ngazi.

Tena besiboli inakuruhusu kuondoka kuliko mchezo wowote ninaoujua. Mimi nimekulia Tanga, na mpira kwangu ulikuwa Simba na Yanga: wanakutana mara mbili tu katika msimu wa ligi, na ukitoka kabla ya filimbi utajilaumu miezi. Huku kila timu inacheza mechi 81 nyumbani kwake ndani ya takriban miezi sita. Kesho ipo nyingine, keshokutwa nyingine. Na mchezo wenyewe una nafasi za kupumua. Mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, anajiandaa, timu zinapokezana zamu, watu wanainuka kununua karanga. Mtoto anaweza kukuuliza maswali kumi ukamjibu yote. Tangu 2023 mrushaji amewekewa saa, lazima arushe ndani ya sekunde 15 kama hakuna mkimbiaji kwenye kituo, yaani moja ya alama ambazo wachezaji huzizunguka, na mwaka huo wastani wa mechi ukashuka hadi kama saa 2 na dakika 40, zaidi ya dakika 20 pungufu ya mwaka uliotangulia. Kwa mzazi, dakika hizo ni nyingi mno.

Aliyenifundisha kuutazama mchezo huu vizuri ni mama yangu. Alipokuja kututembelea tulimpeleka Huntington Park, uwanja wa Columbus Clippers, timu ya daraja la chini ya ligi kuu, hapa hapa mjini kwetu. Alikaa na khanga yake mabegani, akatazama awamu nzima kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hii si rede?" Nikamwambia hapana, kwenye rede mpira unamlenga mtu, hapa unatakiwa umpite mwenye gongo. Akauliza wale wanaokimbia wanakwenda wapi. Nikamweleza kwamba wanazunguka vituo, na pointi inahesabiwa mtu akifika tena pale alipoanzia, na kwamba mahali pale panaitwa nyumbani.

"Basi kote huko wanahangaika warudi nyumbani," akasema, akamgeukia mjukuu wake na kumweleza kwa maneno hayo hayo. Binti yangu hajahitaji maelezo mengine mpaka leo. Mkimbiaji akipita kituo cha tatu, yeye husimama juu ya kiti na kupaza sauti, "Nyumbani! Nyumbani!" Majirani zetu hawajui Kiswahili lakini hucheka naye.

Ndiyo maana nawasihi wenye watoto wadogo waanze na viwanja vidogo. Timu za madaraja ya chini ziko 120, zimetapakaa miji mingi ya Marekani, na tiketi zake mfuko unazimudu. Viti viko karibu, na mara nyingi kuna mteremko wa majani ambapo watoto wanabiringika wakati wakubwa wanatazama. Mtoto akishazoea pale, uwanja wa watu elfu arobaini hautamtisha.

Kwenye viti, chagueni kwa akili. Kanuni za mchezo zinapendekeza uwanja ujengwe mpigaji akitazama upande wa mashariki, ukielekea kidogo kaskazini, kwa hiyo katika viwanja vingi kivuli cha alasiri huanzia nyuma ya mpigaji na upande wa kituo cha tatu. Nunueni huko. Na mkae nyuma ya wavu. Katika hili sina mjadala. Mwezi Mei 2019, mjini Houston, mtoto wa kike wa miaka miwili alipigwa na mpira uliochepuka kutoka kwenye gongo, fuvu la kichwa likapasuka. Baada ya hapo timu zote 30 zilikubali kurefusha nyavu zao kwa msimu wa 2020. Lakini wavu hauzunguki uwanja mzima, na mpira unafika vitini haraka kuliko mzazi anavyoweza kuinua kichwa kutoka kwenye mkoba wa nepi. Viti vya mbele visivyo na wavu vina sifa kubwa. Mwenye mtoto awaachie wengine.

Sasa wapi pa kwenda? Detroit, ndani ya uwanja wa Comerica Park, kuna bembea la kuzunguka lenye chui milia 30 waliopakwa rangi kwa mkono, na gurudumu kubwa ambalo vibehewa vyake vina umbo la mpira wa besiboli. Milwaukee, kila mechi, watu waliovaa mavazi ya soseji hushindana mbio katikati ya mchezo, na paa la uwanja hufungwa mvua ikinyesha. Hayo yanatosha kumfurahisha mtoto yeyote.

Mimi lakini napenda zaidi South Williamsport, Pennsylvania. Kila Agosti watoto wa miaka 10 hadi 12 kutoka pande mbalimbali za dunia hukusanyika pale kwa mashindano yao, na kuingia ni bure. Nyuma ya uwanja kuna kilima cha nyasi, na watoto wa watazamaji huteleza juu ya vipande vya maboksi kutwa nzima. Mwaka 2012 walifika vijana wa Lugazi, Uganda, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Mwaka mmoja kabla, timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu ikanyimwa viza. Vijana wa Lugazi waliwafunga wenyeji kutoka Oregon 3 kwa 2. Nilipomsimulia binti yangu aliuliza kama walirudi nyumbani. Sikujua alikuwa na maana ipi kati ya zile mbili, nikamjibu ndiyo.

Pittsburgh pia ina jambo letu. Siku za mechi daraja la Roberto Clemente hufungwa kwa magari, na familia zinavuka mto kwa miguu mpaka mlango wa PNC Park. Hapo ndipo Gift Ngoepe, kijana wa Afrika Kusini, alipoingia uwanjani tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Mpira wa kwanza alioupiga kama mpigaji ulimfikisha kituoni. Sisi tuliondoka pale mapema, mdogo akiwa amelala begani kwangu, na kutembea juu ya daraja lile huku taa za mji zinawaka ndicho kitu watoto wanachokikumbuka.

Safari iliyonigusa kuliko zote ni Kansas City. Asubuhi tulikwenda kwenye jumba la makumbusho la ligi za watu weusi. Ukiingia tu unaona mbele yako uwanja mdogo wenye sanamu za shaba za wachezaji, kila mmoja kwenye nafasi yake, lakini kati yako na wao kuna waya wa banda la kuku. Huwezi kupita. Lazima uzunguke historia yote kwanza. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, alishika waya akauliza, "Mbona hatuingii?" Nikapiga magoti nikamwambia ukweli: kuna wakati watu wa rangi yetu walizuiwa kucheza ligi kuu, wakaanzisha ya kwao katika mji huu huu mwaka 1920, na Jackie Robinson alichezea timu ya hapa mwaka 1945, kabla hajaufungua mlango ule wa ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947. Alisikiliza. Tulipofika mwisho na kuruhusiwa kuingia kwenye ule uwanja, alikwenda kwa sanamu moja baada ya nyingine akizigusa mikono.

Jioni tulikwenda Kauffman Stadium, kwenye chemchemi zake nzuri, tukakaa awamu nne. Hazikuwa chache. Nilimwonyesha namba 42, ya Robinson, ambayo tangu 1997 imestaafishwa kwa timu zote. Sasa kila uwanja tunaofika, kazi yake ya kwanza ni kuitafuta 42, na akiiona tu, hata tukiondoka dakika ile ile, kwake safari imekamilika.

Julai tunarudi Kansas City. Mdogo wake atakuwa ametimiza miaka minne, na dada mtu ameshamwambia kwamba atakuta waya, asilie, kwani ukizunguka mpaka mwisho kuna mlango.