Ukiniuliza nitakujibu "namshukuru Mungu"

Mwanangu alipofika kama wiki sita hivi alikuwa analia kuanzia magharibi mpaka saa tano usiku, ameshiba, nepi kavu, homa hana, analia tu. Usiku mmoja namtembeza sebuleni nimeshika chupa ya maji ya plastiki, kuja kuiangalia nimeiminya mpaka imekunjamana, maji yote yako kwenye khanga. Wala sikujua kama nina hasira. Kesho yake kliniki nesi ananiuliza "mama unaendeleaje?" nikamjibu nini? Namshukuru Mungu.

Ndo maana nilivyosoma jinsi watafiti wa Leiden kule Uholanzi wanavyompima mzazi nilicheka peke yangu. Wanakupa kidude cha kupimia nguvu za mkono, unakiminya kwa nguvu zako zote, halafu unaambiwa sasa minya nusu, ukishazoea wanakuwekea sauti ya kichanga kinalia, we unadhani bado unaminya nusu kumbe mkono ushapitiliza. Mwaka 2015 walionyesha kwamba akina mama waliowahi kutesa watoto wao walipitiliza mara nyingi zaidi kuliko wengine. Nikaikumbuka chupa yangu, mh.

Mi nasema kwetu kumpima mzazi kwa fomu za maswali ya "unajisikiaje" ni kupoteza karatasi. Muulize mtu habari za nyumbani, nzuri, hata kama mabati yameezuliwa jana. Mzazi ndo kabisa, nani atakwambia "jana nilitamani nimuache kitandani niondoke"? Mawifi wataitana kikao. Kidude hakina aibu, ila nacho kisijione hakimu maana hakijui umelala masaa mangapi wala kodi imeisha lini.

Na wasipime akina mama peke yao jamani. Watafiti Frodi na Lamb huko Marekani mwaka 1978 walipima presha na jasho la ngozi la wazazi wakimwona mtoto analia, baba na mama miili yao ikashtuka karibu sawa tu. Halafu 2013 ukatoka utafiti wa familia za Ufaransa na Kongo, DRC, baba anaitambua sauti ya mwanae akilia sawasawa na mama, ila wale wanaokaa na mtoto chini ya masaa manne kwa siku ndo wanakosea zaidi. Kwa hiyo ukisikia "mama nanihii, mtoto analia huku!" na mwenyewe kalala pembeni yake, jua masikio anayo.

Kliniki zetu hatuhitaji mashine. Nesi aulize tu, jana alilia mpaka saa ngapi, na we ulifanya nini? Hapo "namshukuru Mungu" haikai, itabidi useme.

Mi aliyenishtukia ni mama mkwe, na wala hakuuliza. Aliiona ile chupa mezani, akaiangalia, akaniangalia, akampakata mjukuu wake akaniambia nenda kaoge mwanangu. Nilikaa bafuni mpaka ndoo ikaisha maji.