Majina ya kubandika kwenye picha za kale za kriketi na besiboli

Kabla ya kutazama uso, tazama vifungo. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukilalia wa kulia. Ukikuta picha ya kale ambamo mambo yako kinyume, ujue imegeuka kama kioo. Huenda ni dagerotipu, ile picha ya bamba la shaba lililopakwa fedha iliyotangazwa 1839, au ya bamba la chuma iliyosajiliwa Marekani 1856. Hizo hazina negativu, yaani picha kinyume ya kuchapia nakala: mwanga uligonga bamba, na bamba hilohilo ndilo tunalolishika mkononi leo. Kwa hiyo mchezaji anayeonekana kushika gongo kwa mkono wa kushoto huenda alitumia mkono wa kulia maisha yake yote, na kovu unaloliona shavu hili lilikuwa shavu lile.

Nayasema haya kwa sababu nimechoka kuona picha zikibandikwa majina kwa macho matupu. Majuzi nilikesha na tangazo moja la mnada mtandaoni. Kijana amesimama, gongo begani, bamba la chuma ndani ya fremu ya karatasi. Muuzaji ameandika kuwa huyo ni James Creighton, mrushaji hodari wa Excelsior, klabu ya besiboli ya Brooklyn, aliyecheza pia kriketi na kufariki Oktoba 1862 akiwa na miaka 21 tu. Tazameni macho yake, anasema muuzaji. Mimi nikatazama mgongoni mwa picha. Pale nyuma palikuwa na stempu ndogo ya kodi, imepigwa mstari wa wino. Serikali ya Marekani ilitoza kodi hiyo kwenye picha kati ya 1864 na 1866 tu, ilipokuwa inasaka fedha za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakati huo Creighton alikwisha kuzikwa katika makaburi ya Green-Wood. Mtu atasema labda ni nakala ya picha ya zamani zaidi. Sawa, basi ailete hiyo ya zamani tuione. Asipoileta, aliyesimama pale ni kijana mwingine kabisa, aliyezaliwa na mama yake na kuitwa jina lake, na sisi tumemvisha la mtu mwingine ili bei ipande.

Wahenga walisema duniani wawili wawili. Kufanana si ushahidi. Ndevu hubadili taya, unene hubadili mashavu, na mtu aliyeambiwa asitikisike kwa sekunde kadhaa hukaza uso kuliko alivyokuwa nao nyumbani. Sikio ndilo linalosaidia kidogo, maana mikunjo yake haibadiliki sana mtu akishakuwa mtu mzima, ingawa lenyewe hurefuka uzeeni. Lakini hata sikio lina nguvu zaidi katika kukanusha. Likitofautiana, mjadala umekwisha. Likifanana, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mfano mkubwa ni ile dagerotipu ya wanaume sita inayosemwa kuwa ni ya klabu ya besiboli ya Knickerbocker ya New York, iliyoanzishwa Septemba 1845. Imetoka katika ukoo wa Alexander Cartwright, mmoja wa waanzilishi wa klabu hiyo, na aliyesimama katikati nyuma husemwa kuwa ndiye Cartwright mwenyewe. Cartwright aliondoka New York Machi 1849 kufuata dhahabu California, akaishia Honolulu, akafia huko 1892. Picha zake nyingi zinazojulikana ni za uzeeni, ndevu nyeupe hadi kifuani. Sasa mlinganishe mzee huyo na kijana wa kwenye dagerotipu! Wataalamu wamepima masikio na pua, na bado hawajakubaliana. Mimi naona picha kukaa katika familia ni ushahidi mzito kuliko pua, lakini hautoshi kuwataja wote sita kwa majina. Familia hutunza hata picha za marafiki na mashemeji.

Tofauti yake ni picha ya Septemba 1859 pale Liverpool, wachezaji kumi na wawili wa kriketi wa Uingereza wakiwa melini, safari ya Amerika ya Kaskazini. George Parr yupo, John Wisden yupo, William Caffyn yupo. Pale hatubahatishi, kwa sababu orodha ya msafara iliandikwa wakati uleule, na wachezaji hao wana picha nyingine za kulinganisha. Orodha kwanza, uso baadaye.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nguvu zote hizi hutumika kumgeuza mtu asiyejulikana awe mashuhuri, wakati wapo waliopigwa picha mchana kweupe na majina yao yakafichwa. Mwaka 1868 timu ya kriketi ya Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, ilizuru Uingereza, ikacheza mechi 47. Katika picha zao wachezaji wanaitwa Dick-a-Dick, King Cole, Tiger, Mosquito. Ni majina waliyobandikwa na wazungu wa mashamba ya kondoo. Huko Uingereza kila mmoja alipewa rangi yake ya kuvaa ili watazamaji wamtambue, kana kwamba jina lake halisi lingewashinda kulitamka. Yule aliyeandikwa Johnny Mullagh, jina la shamba alikofanya kazi, aliyepiga mikimbio 1,698, ndizo alama za kriketi, na kuchukua wiketi 245, yaani kuwatoa wapigaji mara 245, katika ziara ile, ni Unaarrimin. King Cole, aliyefariki London Juni 1868 kwa kifua kikuu, ni Bripumyarrimin. Kumtambua mtu wa picha hizi ni kuandika jina alilopewa kwao, tena liwe la kwanza, si kwenye mabano.

Na kuna William Edward White, anayeonekana katika picha ya timu ya besiboli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, mwaka 1879. Uso wake haukufichwa, jina lake halikupotea. Juni 21 mwaka ule alicheza mechi moja tu ya ligi kuu akiwa na timu ya Providence. Ilipita zaidi ya karne kabla watafiti hawajafukua kumbukumbu za jimbo la Georgia na kukuta kwamba alizaliwa utumwani, baba yake akiwa ndiye bwana aliyemmiliki mama yake. Huenda basi ndiye mtu mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli, miaka mitano kabla ya Moses Fleetwood Walker, ambaye kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa wa kwanza. Hakuna aliyeligundua hilo kwa kukodolea picha macho. Walisoma sensa.

Nilimwandikia yule muuzaji kuhusu stempu, nikamwomba aandike "mchezaji asiyejulikana, takriban 1864 hadi 1866". Bado ni picha nzuri, na mimi mwenyewe ningeinunua kwa jina hilo. Hajajibu. Tangazo bado linasema Creighton, na bei imepanda.