Dhamira ya chuo cha udaktari kijijini: neno "vijijini" libaki au litoke?

Kuna rafiki yangu yuko kwenye kamati ndogo inayoandaa makabrasha ya kuanzisha chuo cha udaktari, na si mjini, ni wilaya ambayo ukitoka makao makuu ya mkoa ni mwendo wa saa nne na mvua ikinyesha hesabu siku nzima. Majengo yameshachorwa, hospitali ya kufundishia ipo, lakini wiki mbili sasa kamati imekwama kwenye sentensi moja tu, ile dhamira ya chuo. Zimebaki rasimu mbili mezani. Ya kwanza inasema: "Kuwa kituo cha umahiri kinachozalisha wataalamu wa afya wenye viwango vya kimataifa kupitia ufundishaji, utafiti na huduma bora kwa jamii." Ya pili fupi: "Kuzalisha madaktari wa vijijini watakaotumikia vijiji vya kanda yetu." Nusu ya kamati iko huku, nusu kule, akaniomba nitoe maoni. Nimeona niyaandike hapa kwa kirefu maana hili jambo linanigusa, nimefanya kazi hospitali ya wilaya miaka kadhaa na najua hii sentensi itakuja kumwangukia nani.

Kwanza niseme siwaungi mkono wanaosema sentensi ni sentensi tu, kazi ndo muhimu. Siku ya kupanga bajeti, pesa iende kununua gari la kuwapeleka wanafunzi vituo vya afya au ijenge ukumbi mkubwa, mtu atafungua ukurasa wa kwanza asome dhamira. Siku ya kuajiri mhadhiri, siku ya kuandika mtaala wa kupeleka Tume ya Vyuo Vikuu, siku ya kuomba ufadhili, ni hivyo hivyo. Sentensi isiyosema kitu inamwachia kila mwenye nguvu aitafsiri anavyotaka.

Sasa tuanze na wale wanaotaka neno "vijijini" litoke. Nimewasikia watu wanawakebehi eti wanaona aibu kijiji, si kweli, hoja yao ina historia ndani yake. Mwaka 1963 ndo Dar es Salaam ilipata shule yake ya kwanza ya udaktari, na mwaka huo huo nchi ikaanza pia kufundisha madaktari wasaidizi, wale tuliokuwa tunawaita AMO, matabibu wazoefu wanaorudi darasani kujifunza zaidi ikiwemo upasuaji. Kwa miongo mingi hao ndo waliobeba hospitali za wilaya. Mama mwenye uchungu pingamizi usiku wa manane, mkono uliomtoa mtoto kwa upasuaji mara nyingi ulikuwa wa AMO, na watafiti waliofuatilia upasuaji wa uzazi wa hospitali za wilaya walikuta sehemu kubwa wanaufanya wao. Lakini cheti chao hakikutambulika nje ya nchi, na hata ndani kupanda daraja ilikuwa kazi, wengi walibaki pale pale hadi kustaafu. Kwa mgonjwa ilikuwa neema maana AMO hakuwa na pa kwenda, ila kwake AMO mwenyewe lilikuwa ni geti limefungwa. Kwahiyo mzee wa kamati aliyefundishwa enzi hizo akisikia "daktari wa vijijini" anasikia cheti cha daraja la pili, na huwezi kumlaumu.

Na mzazi naye. Mzazi ameuza ng'ombe, mtoto kapata mkopo wa bodi nusu, anasoma kwenye tangazo kwamba chuo hiki kinatoa madaktari wa vijijini, atauliza kwani wa mjini wanafundishwaje? Hilo swali halina jibu zuri, kwa sababu kama kuna tofauti yoyote basi ilitakiwa iwe upande mwingine, wa kijijini ajue zaidi. Mjini ukikwama unapiga simu wodi ya pili anakuja bingwa. Kule uko peke yako na muuguzi mmoja, kifafa cha mimba ni wewe, ngiri iliyojinyonga ni wewe, mtoto mchanga asiyelia ni wewe, damu hakuna unaanza kutafuta ndugu wa kupima kundi, na gari la rufaa liko matengenezo. Nimewahi kukaa usiku wa namna hiyo na ninachokumbuka ni kwamba nilitamani ningefundishwa mambo mengi zaidi, sio machache.

Wanaotaka neno litoke wana mfano wa karibu pia. Rwanda, wilaya ya Burera kule kaskazini, juu milimani Butaro, kuna chuo kikuu kilichoanzishwa 2015 na shirika la Partners In Health, kampasi yenyewe ikafunguliwa 2019 jirani na hospitali iliyokuwepo tangu 2011. Kinaitwa University of Global Health Equity, yaani jina lake linataja dunia nzima na usawa, kijiji hakimo kabisa kwenye jina, ila mwanafunzi akiamka asubuhi anaona mashamba ya Butaro. Wanaopinga neno "vijijini" wanasema umeona, mahali penyewe panafundisha, huna haja ya kukiandika kijiji kwenye karatasi.

Hapo mimi ndo naanza kutofautiana nao. Butaro wana kitu ambacho hiki chuo cha rafiki yangu hakina, wana waanzilishi ambao maisha yao yote yalijulikana yanaelekea wapi, mmoja wao, daktari Paul Farmer, mpaka anafariki Februari 2022 alikuwa pale pale Butaro. Pia lile jina halijakaa kimya, neno "usawa" linauma, linakudai. Rasimu ya kwanza ya kamati hii haimdai mtu chochote. "Jamii" ni nani? Jamii ni kila mtu. Ukiichukua ile sentensi ukaibandika kwenye chuo kilichopo katikati ya Dar es Salaam inakaa bila kubadilisha herufi, sasa kama inakaa kote, huku kijijini inafanya kazi gani? Alafu inaanza na "kuwa", na kuwa ni dira, ni pale unapotamani kufika. Dhamira ni unachoamka kukifanya.

Na takwimu ziko upande wa wanaotaka kijiji kitajwe. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake ya 2010 kuhusu watumishi wa afya vijijini lilisema nusu ya watu duniani wanaishi vijijini ila wanahudumiwa na chini ya robo ya madaktari wote. Kwetu Tanzania sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7 na karibu theluthi mbili wako vijijini. Mapendekezo yale, ambayo yalirudiwa kwa upya 2021, yanasema jambo ambalo limeonekana nchi nyingi sana: kijana aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi kijijini. Yakaongeza vyuo vijengwe nje ya miji mikuu na wanafunzi wapelekwe vijijini wakiwa bado wanasoma. Sasa chuo kitamchaguaje kijana wa kijijini kama dhamira yake inamtaja "mtaalamu wa kimataifa"? Kamati ya udahili itafuata maksi tu, na maksi tunajua ziko wapi.

Kanada walitaja eneo. Chuo cha udaktari cha kaskazini mwa Ontario kilipofungua milango 2005 kilijifunga wazi kwa afya ya watu wa kaskazini, sio watu kwa ujumla, na kwa sababu kimejifunga hivyo mwaka wa tatu mwanafunzi anakaa miezi 8 kwenye mji mdogo akifuata wagonjwa wale wale kliniki, wodini mpaka nyumbani. Wengi kabisa wa wanafunzi wake wanatoka huko huko kaskazini. Kuna mtu atasema Kanada ni matajiri, sawa, lakini kutaja watu unaowajibika kwao hakuhitaji utajiri.

Ila nao wanaotetea rasimu ya pili nina ugomvi nao, na ugomvi wenyewe ni wa Kiswahili. "Madaktari wa vijijini." Hako ka "wa" kanabeba mizigo minne. Ni madaktari waliotoka vijijini? Wanaoishi vijijini? Wa kuwatibu watu wa vijijini? Au ni aina ya daktari, kama unavyosema kuku wa kienyeji? Kila mjumbe anasoma anachotaka, na mzazi anasoma ile ya nne. Rasimu zote mbili zina kosa moja, zimembandika sifa mhitimu, moja "wenye viwango vya kimataifa" nyingine "wa vijijini", wakati anayetakiwa kufungwa na dhamira ni chuo. Charles Boelen na wenzake wa Shirika la Afya Duniani mwaka 1995 walilieleza hili vizuri, kwamba uwajibikaji ni wajibu wa shule ya udaktari kuelekeza mafunzo, utafiti na huduma zake kwenye shida kuu za kiafya za watu iliyopewa kuwahudumia. Wajibu ni wa shule.

Alafu lile "watakaotumikia". Unaahidi kwa niaba ya mtoto wa miaka 19 ambaye hajasaini kitu. Ukitaka kumfunga mtu mfunge kwa mkataba wenye pesa, kama Jichi kule Japani, chuo kilichoanza 1972, kila mkoa kati ya mikoa 47 unapeleka vijana wake, wanasomeshwa kwa mkopo ambao unafutwa ukitumikia mkoa wako miaka kama 9 hivi. Huo mkataba unaeleweka, kila upande umetoa kitu. Chuo kisicho na mfuko wa namna hiyo kikiandika "watakaotumikia" kinasema uongo, kwa sababu atakayemfanya daktari abaki kijijini ni mwajiri: nyumba ya mtumishi yenye bati lisilovuja, mshahara kwa wakati, dawa za usingizi ziwepo, shule ya mtoto wake, na nafasi ya kwenda kusomea ubingwa asionekane mkimbizi. Nimeona madaktari wazuri wakiondoka na sikuwahi kumwona mmoja aliyeondoka kwa sababu chuo chake kiliandika dhamira mbaya.

Chuo kinaweza kuahidi vitu ambavyo kiko na uwezo navyo: kinamchukua nani, kinamfundishia wapi, kinatafiti nini. Afrika Kusini kuna hospitali ya Mosvold, Ingwavuma, mpakani kaskazini mwa KwaZulu-Natal, mwishoni mwa miaka ya 90 walichoka kusubiri madaktari wa kuletwa wakaanza kutafuta vijana wa shule za pale pale, kijana anakuja kwanza kujitolea hospitalini waone kama kweli anataka kazi hii, anahojiwa na watu wa pale, ndo anasomeshwa. Na wamepata watumishi wao kweli. Ingekuwa juu yangu chuo kingeanzia hapo kabla ya kuwaza viwango vya kimataifa.

Kuna pendekezo la tatu limeletwa la kusuluhisha, waandike "maeneo ya pembezoni" badala ya vijijini. Mimi silitaki. Hakuna mtu anayeishi pembezoni, kila mtu kwake ni katikati. Hilo ni neno la anayeangalia ramani akiwa ofisini, na mwanakijiji akilisoma getini ataelewa kwamba wenye chuo wamesimama mahali pengine wanamwangalia yeye kwa mbali. Vijijini ni neno la kawaida, watu wenyewe wanalitumia, liachwe. "Kuzalisha" nalo litoke, mtu anafundishwa, mahindi ndo yanazalishwa.

Kwahiyo nimemwandikia rafiki yangu hivi: "Chuo hiki kipo kwa ajili ya afya ya watu wa vijijini wa kanda hii. Tunawachukua vijana wao, tunawafundisha udaktari kamili huku huku wanakoishi, na tunatafiti yanayowaumiza." Neno "kamili" nimeliweka kwa ajili ya yule mzee wa AMO na yule mzazi, ili isomeke wazi kwamba digrii ni ile ile na geti liko wazi. "Vijijini" imekaa kwa watu, haijakaa kwa daktari.

Inanisumbua sehemu moja, "tunawachukua vijana wao". Vijana wao wengi wanatoka shule za kata, fizikia wamesoma bila maabara, wachache wanafika kidato cha sita na PCB (fizikia, kemia na baiolojia) yenye alama za udaktari. Chuo kisipoweka msaada wa kuwaandaa mapema, kwenda kwenye zile sekondari wakiwa bado kidato cha pili, kuwapa walimu wa ziada na vifaa, basi hiyo ahadi itajazwa na watoto wa mjini wenye maksi na tutarudi pale pale. Wenzake wawili rafiki yangu kwenye kamati wameshaiona na wanataka ifutwe kwa sababu ni gharama. Mwingine anasema tufute "kanda hii" maana wafadhili watatuona wadogo. Nimemwambia kama lazima kitu kimoja kiondoke ili kikao cha Alhamisi kiishe, waondoe "kanda hii", hata "huku huku" wanaweza kuijadili, lakini ile ya vijana wao asikubali iguswe.