Saa za Ziada za Nanami: Msimu wa Pili wa Jujutsu Kaisen

Nanami Kento hupenda kutazama saa yake ya mkononi. Ni mganga wa daraja la kwanza ambaye aliwahi kuacha uganga, akaenda kuajiriwa kwenye kampuni ya mambo ya fedha, akachoshwa nayo, akarudi. Amejifunga nadhiri: ndani ya saa za kazi nguvu zake huzibana, na saa zikishapita akalazimika kubaki, nguvu hupanda. Hapendi saa za ziada hata kidogo, na saa hizo hizo ndizo zinazompa makali.

Namtanguliza Nanami kwa sababu msimu wa pili wa Jujutsu Kaisen, anime (katuni ya Kijapani) anamotokea, uliorushwa Japani kuanzia 6 Julai hadi 28 Desemba 2023, ni msimu wake kwa namna ambayo Gege Akutami, mwenye manga (hadithi ya vibonzo) iliyozaa anime hii, hakuipanga. Ni kazi nzuri mno iliyofanywa na watu waliochelewa kurudi nyumbani. Watazamaji wamegawanyika tangu wakati huo. Wapo wanaouona kilele cha anime ya mapigano ya miaka ya karibuni, na wapo wanaoona studio iliuza gari ambalo rangi haijakauka. Mimi nina mguu mmoja kila upande, ila uzito wangu hauko sawasawa. Kama hujautazama, ishia hapa. Sitaficha nani anakufa.

Kwa mgeni wa hadithi hii: katika Jujutsu Kaisen hofu, chuki na majuto ya binadamu hujikusanya yakazaa mapepo, na kuna waganga kazi yao ni kuyaua. Nasema kuyaua, si kuyapunga. Kwetu pwani pepo huulizwa anataka nini, akatandikiwa sinia, akabembelezwa. Huku hakuna sinia. Itadori Yuji, mwanafunzi wa sekondari, alimeza kidole cha Sukuna, mfalme wa laana zote, na sasa wanaishi mwili mmoja. Msimu wa kwanza, uliotoka Oktoba 2020, uliongozwa na Sunghoo Park. Wa pili alikabidhiwa Shota Goshozono, studio ikiwa ile ile, MAPPA ya Tokyo.

Epsodi tano za mwanzo zinaturudisha mwaka 2006, Gojo Satoru na Geto Suguru wakiwa wanafunzi na marafiki wa kufa na kuzikana. Wanapewa kumlinda msichana, Amanai Riko. Wanampeleka Okinawa kuogelea, wanacheka, kisha anapigwa risasi ya kichwa mbele ya Geto, tena wakati ameshaamua kuwa anataka kuishi. Goshozono anaitazama sehemu hii kama mtu aliyeshika kamera halisi: picha pana, mwanga wa kiangazi, watu wadogo katikati ya majengo makubwa. Geto huyadhibiti mapepo kwa kuyameza, na ladha yake, anasema, ni kama tambara lililofutia matapishi. Anavyozidi kuyameza kwa ajili ya watu wasiojua hata kama yupo, ndivyo swali linavyomla: kwa nini sisi tufe kwa ajili yao? Siku aliyopata jibu aliua wanakijiji 112.

Epsodi hizo zingeweza kuonekana ni kumbukumbu tu za pembeni. Sivyo. Hadithi inapofika Shibuya, mtaa wa Tokyo, usiku wa 31 Oktoba 2018, maadui wanataka kumfungia Gojo, sasa mganga mwenye nguvu kuliko wote, ndani ya kijisanduku, na ili kimshike lazima abaki karibu nacho kwa dakika moja. Nani atamsimamisha Gojo dakika nzima? Anajitokeza mtu mwenye mwili wa Geto, ambaye Gojo alimuua kwa mkono wake. Miaka mitatu ya ujana inapita kichwani mwake kufumba na kufumbua, na dakika inayohesabiwa ni ile ya ndani ya kichwa. Amekwisha. Mtego ule unafanya kazi kwa mtazamaji kwa sababu hiyo miaka mitatu na yeye anayo, ameipewa wiki chache kabla. Hata asiyependa anime nitambishia hapa: huo ni ufundi wa kusimulia.

Na kulikuwa na jambo la nje ya runinga. Oktoba 2023, msimu ukiwa hewani, meya wa Shibuya, Ken Hasebe, alikuwa akiwaomba watu wasije Shibuya kusherehekea Halloween, kwa kuhofia msongamano kama uliowaua watu Itaewon, Seoul, mwaka uliotangulia. Alhamisi usiku, kwenye skrini, Shibuya hiyo hiyo ilikuwa imefunikwa pazia la uganga, watu wamefungiwa ndani, hakuna wa kutoka.

Shibuya ndiyo iliyoleta mgogoro, basi nikae hapo.

Tuanze na inapong'aa. Yuji anakutana na Choso, adui ambaye silaha yake ni damu yake mwenyewe. Anaibana, anaifyatua kama risasi. Yuji ana ngumi tu, na sauti ya Mechamaru, mganga mwenzake, kwenye kifaa cha sikioni inayomshauri: mpeleke penye maji. Basi mapigano yanahamia chooni, kwenye choo cha stesheni. Mabomba yanapasuka, maji yanafurika sakafuni, damu ya Choso inayeyuka majini na haimtii tena. Hakuna miale ya rangi kumi na mbili. Ni vijana wawili wanagongana kwenye vigae, na kila ngumi unausikia uzito wake, mpaka mmoja anaanguka. Nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Uzuri wake uko kwenye kujibana: chumba kidogo, sheria moja inayoeleweka, miili inayochoka.

Sasa inapopasuka. Tarehe 16 Novemba 2023 ilirushwa epsodi ya 17, ambapo Fushiguro Megumi, mwanafunzi mwenzake Yuji, akiwa taabani, anamwita Mahoraga, shikigami (pepo mtumishi) ambaye hakuna wa ukoo wake aliyewahi kumshinda. Ni kama mtu kujitoa kafara ili adui afe naye. Sukuna, akiwa ndani ya mwili wa Yuji, anaingilia kati, na wawili hao wanausambaratisha mji. Mashabiki waliusubiri mpambano huu tangu walipousoma kwenye manga. Kilichotoka kina dakika za kukutoa machozi kwa uzuri, na kina dakika ambapo unaona kabisa michoro haikumaliziwa: mistari inayumba, nyuso zinabadilika, mwendo unaruka. Juu ya hapo picha zilififishwa. Tangu Desemba 1997, epsodi moja ya Pokémon ilipopeleka mamia ya watoto hospitalini kwa mimuliko yake, televisheni za Japani hupunguza makali ya picha zinazomweka kwa kasi, na mpambano wa Mahoraga ni mmweko mtupu.

Baadhi ya wachoraji waliofanya kazi kwenye msimu huu hawakungoja kulaumiwa. Waliandika wenyewe, kwenye mtandao wa X, mbele ya dunia, kwamba ratiba haikuwa ya kibinadamu na kwamba kilichorushwa sicho walichotaka kukionyesha. Katika tasnia ambayo watu humeza maneno ili wasikose kazi ya kesho, hilo halikuwa jambo dogo. Ukitazama meza ya MAPPA mwaka huo unaelewa. Vinland Saga msimu wa pili, Hell's Paradise, na mwisho kabisa wa Attack on Titan, uliotoka mwanzoni mwa Novemba, siku chache tu kabla ya Mahoraga. Studio moja.

Wanaoutetea msimu wana hoja, na si za kubeza. Ya kwanza, kwamba yumbayumba hiyo ni mtindo. Goshozono aliwaachia waongozaji wa epsodi wawe na mkono wao, hivyo Yuji wa wiki hii hafanani kabisa na Yuji wa wiki iliyopita, na hilo huipa Shibuya hali ya ndoto mbaya. Nakubali nusu. Pale mtindo ulipochaguliwa unauona: epsodi ina nia tangu fremu ya kwanza. Pale muda ulipokwisha unauona pia, na mashahidi wakiwa ni wachoraji wenyewe, sisi watazamaji tunajifanya wajuzi kuliko fundi tukimwambia kuwa ufa aliouona ukutani ni nakshi.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi: kwamba anime zote hutengenezwa hivi, na bila presha hiyo pengine tusingepata chochote. Msimu huu ulichukua tuzo ya Anime ya Mwaka ya Crunchyroll, Tokyo, Machi 2024. Nani anaweza kusema umefeli? Hapa ndipo uzito wangu unapohama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tulioketi na popcorn ndio wa mwisho kusema presha ilisaidia. Tazama mazuri ya msimu yako wapi: Okinawa, mtego wa sanduku, choo cha stesheni. Yote ni mahali ambapo mwongozaji alijua anataka nini na mchoro ukakamilika. Palipokuwa na presha iliyopitiliza ndipo penye nyufa. Hata mwenye hadithi hakusalimika na kasi ya kila wiki. Juni 2021 Akutami alisimamisha manga kwa ajili ya afya yake, akarejea Agosti. Na wakati msimu huu uko hewani, Julai hadi Agosti 2023, kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa cha biashara na haki za binadamu kilikuwa Japani kikiuliza maswali. Ripoti yake ya Mei 2024 iliitaja tasnia ya anime kwa ujira mdogo na saa nyingi kupita kiasi.

Wapo pia wanaolaumu hadithi yenyewe, kwamba Shibuya ni pigano juu ya pigano, watu wanakufa kabla hujawajua, hakuna wa kulia wala wa kuzika. Hii lawama naibeba nusu mkono. Ndiyo, katikati ya msimu kuna epsodi mbili tatu nilizozitazama huku nikijibu meseji. Lakini hadithi inalipa deni lake mwishoni mwa epsodi ya Mahoraga yenyewe. Sukuna akishashinda, anamrudishia Yuji mwili wake ili aone. Palipokuwa na mtaa pana shimo. Yuji hakuua yeyote kwa hiari yake, na mikono iliyoua ni yake. Anaanguka, anakwaruza lami, anatapika, anajiambia afe. Sauti ya Junya Enoki, anayemwigiza Yuji, pale haiigizi tena. Inakwaruza na yenyewe. Dakika hiyo haina mwendo mwingi wa kuchora, na haikuathiriwa na chochote.

Nilirudia epsodi hiyo kwenye diski ya Blu-ray. Mwanga umerudi, michoro kadhaa imesafishwa, mengine yameongezwa. Ni nzuri kweli, na imenifanya nikasirike zaidi, kwa sababu ni ushahidi kwamba kilichokosekana Novemba hakikuwa kipaji.

Wiki moja baada ya Mahoraga, 23 Novemba, ilikuwa zamu ya Nanami. Nusu ya mwili imeungua, jicho moja limekwenda, na bado anatembea chini ya ardhi kwenye stesheni akikata watu waliogeuzwa mazimwi mmoja mmoja, kwa sababu kazi haijaisha. Huku akitembea anaiwaza Kuantan, Malaysia. Atajenga nyumba ufukweni. Ana vitabu alivyonunua asivifungue. Atavisoma ukurasa kwa ukurasa, afidie muda aliopoteza. Kisha Mahito, pepo aliyewageuza, anamwekea kiganja kifuani, na Nanami anamwachia Yuji yaliyobaki. Ufukwe ule umechorwa vizuri: bahari imetulia, hakuna mstari unaoyumba. Kuna mtu wa MAPPA aliyekaa mezani mwaka huo wa 2023 akauchora, na ningependa kujua saa yake ilikuwa inasema saa ngapi.