Mgonjwa wa figo akilalamika miguu, msimwambie atulie

Baba alikuwa anakaa kwenye mashine ya kusafisha damu masaa manne, mara tatu kwa wiki, na kilichokuwa kinamtesa sio sindano, ni miguu. Lisaa la tatu likifika anaanza kukunja, kunyoosha, anasugua huu kwa huu, anasema kuna kitu kama wadudu wanatembea ndani ya mfupa, anaambiwa "mzee tulia, utachomoa sindano". Siku moja akaomba atolewe kabla ya muda, watu wakamuona mkaidi. Iliniuma sana. Ule ni ugonjwa kabisa, unaitwa ugonjwa wa miguu isiyotulia, daktari Karl-Axel Ekbom wa Uswidi aliueleza tangu 1945, na wanaosafishwa damu wanaupata zaidi kuliko watu wengine.

Kuujua ni kuuliza tu. Unasikia lazima uchezeshe miguu? Inazidi ukikaa au ukilala, inapoa ukiinuka kutembea, usiku ndo balaa? Basi ndio huo. Kukaza misuli ni kitu kingine, watu wanachanganya.

Sasa maoni yangu, kabla hamjamuongezea mtu kidonge kaangalieni kwanza vile anavyomeza tayari! Wagonjwa wa figo wengi wanawashwa ngozi, wanapewa zile dawa za aleji za zamani zinazoleta usingizi, wengine wana kichefuchefu wanapewa metoklopramidi, na dawa zote hizo zinaweza kuzidisha miguu, yaani unatibu kuwashwa mtu anakosa kulala. Halafu pimeni madini ya chuma. Muongozo wa Marekani wa tiba ya usingizi wa 2025 unapendekeza chuma cha kuchoma kwenye mshipa kwa hawa wagonjwa kama feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) iko chini ya nanogramu 200 kwa mililita, na transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma haifiki asilimia 20.

Dawa ikihitajika kuna gabapentini, lakini jamani hiyo inatolewa na figo, na figo ndo hazipo, kwahiyo dozi inaanza ndogo, mara nyingi miligramu 100, inamezwa baada ya kusafishwa. Akipewa dozi ya mtu mzima wa afya atasinzia, atachanganyikiwa, ataanguka. Zile za kundi la dopamini, yaani zinazoiga kemikali ya ubongo inayoitwa hivyo, kama ropiniroli na pramipeksoli mimi zinanitisha, mwanzoni zinatuliza vizuri kweli, baadae ugonjwa unaanza mapema zaidi mchana na kupanda mpaka mikononi, na muongozo huohuo unashauri zisiwe dawa ya kawaida. Kukanyaga pedeli wakati mashine inafanya kazi kunasaidia wengine, na akipandikizwa figo mara nyingi inapungua au inaisha kabisa.

Baba hakuwahi kuulizwa usiku amelalaje. Uzito waliuliza, presha waliuliza, kila siku. Naomba manesi na madaktari wa figo, mkishapima presha ulizeni na miguu.