Msizibe Nyufa za Ile Sanamu ya Mvule

Kuna sanamu ya mbao katika bustani moja kando ya ziwa hapa Kisumu. Juzi nimesikia wenye bustani wanataka kuziba nyufa zake kwa simiti, kisha waipake vanishi ing'ae. Nawaomba sana wasifanye hivyo.

Ni magogo matatu ya mvule, marefu kupita kimo cha mtu, yamesimama karibu karibu bila kugusana. Hayafanani na ndege wala mama aliyebeba mtoto, na kila mgeni huuliza ni kitu gani. Mimi mara ya kwanza niliinama nikatazama miguu. Marehemu baba alikuwa fundi wa mashua pale Dunga, na kwake mbao ilianza kuoza pale maji yanapotuama. Miguu hii haigusi zege. Kila gogo limekalia kipande cha chuma, na mkono wangu unapita chini yake. Vichwa navyo vimekatwa mshazari ili mvua iteremke. Ule weupe wa nje wa mti, ambao mchwa huupenda, umechongwa wote, ukabaki moyo wa kahawia unaojilinda wenyewe.

Sasa hizo nyufa. Tatu kati yake si nyufa, ni mikato ya msumeno, imenyooka toka juu hadi chini na kufika kwenye kiini. Gogo likikauka, husinyaa kwa kufuata duru zake za ukuaji karibu mara mbili kuliko linavyosinyaa kuelekea kiini, na kwa urefu halipungui kitu cha kuonekana. Mvutano huo lazima upasue mahali. Mchongaji alitangulia kulichagulia gogo mahali pa kupasukia, akaielekeza mikato yote mitatu itazamane. Ukisimama katikati unaona mistari mitatu ya giza, na upana wake haukai vilevile. Januari kidole changu cha shahada kiliingia. Mei, baada ya masika, kilikwama kwenye kucha. Kwangu mimi, hapo ndipo sanamu yenyewe ilipo.

Simiti haivimbi wala kusinyaa pamoja na mti. Kiangazi kikija mvule utajitenga nayo, na kwenye mwanya huo mvua itaingia isipate pa kutokea. Vanishi nayo, jua la hapa litaipasua, maji yapenye chini yake yafungiwe humo, na kuvu wapate unyevu wanaoutaka.

Tena jua letu halina upande. Tuko kusini kidogo tu mwa Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana mwezi Juni kivuli cha magogo hulala kusini, na Desemba hulala kaskazini. Machi na Septemba hujikunja miguuni, karibu kisionekane. Sanamu hii haina mgongo wa kufichwa. Pande zote zimegeuka kijivu, rangi ya mashua iliyopinduliwa ufukweni muda mrefu. Mimi naiona nzuri hivyo.

Kama ni lazima iguswe, leteni mafuta ya kitani na kitambaa, hasa kwa vichwa, maana huko ndiko mti hunywa maji zaidi. Na majani yaliyonasa chini ya miguu yafagiliwe. Mkiniruhusu, Jumamosi nitakuja na ufagio wangu.