Bei za wakati wa dhiki: kanuni ya asilimia 10 na sauti ya mnunuzi

Machi 2020, huko Tennessee nchini Marekani, ndugu wawili walisomba vitakasa mikono kutoka duka hadi duka. Chupa 300 za mwanzo waliziuza mtandaoni, kila moja kati ya dola 8 na 70. Mtandao ulipowafungia, walibaki na chupa 17,700 stoo, huku hospitali zikihaha kuzitafuta. Huo ni ulanguzi, na sioni wa kuutetea.

Kazi ipo kwa mwenye duka ambaye mzigo wenyewe umemfikia ukiwa ghali. Naye ni mlanguzi?

Sheria ya New York ya 1979, iliyotungwa baada ya mafuta ya kupashia nyumba joto kupanda bei, inakataza bei iliyopita kiasi soko linapovurugika. Lakini kupita kiasi ni kiasi gani? Mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa jimbo alipewa mamlaka ya kutunga kanuni, na Machi 2023 Letitia James, aliyeshika wadhifa huo, akatoa rasimu: bei ikipanda zaidi ya asilimia 10, ihesabiwe kuwa ni ulanguzi mpaka muuzaji aonyeshe kwamba gharama zilimpanda kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. California nayo inatumia asilimia 10 hiyo hiyo dharura inapotangazwa.

Wanaopinga wana hoja nzito. Bei ikipanda, wauzaji wa mbali huvutika kuleta bidhaa, na mnunuzi hujifikiria kabla ya kubeba katoni tano. Ukiibana, rafu hubaki tupu. Nakubali, ila hoja hii inahitaji muda. Siku tatu za kwanza baada ya kimbunga, barabara zimefungwa, hakuna bei itakayoleta lori la maji. Kinachobaki ni kumkamua aliyekwama. Mvurugiko ukiendelea miezi sita, hapo wapinzani wana haki ya kusikilizwa, na ndiyo maana napenda kanuni yenye ukomo. California huanza na siku 30, na kwa kazi za ujenzi na ukarabati siku 180, ingawa muda huo huweza kuongezwa.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anasikika kanuni inapotungwa. New York, rasimu ikishatangazwa, umma hupewa siku zisizopungua 60 kutoa maoni, na ofisi husika inawajibika kueleza imeyapokeaje. Makampuni huleta wanasheria na kurasa za hesabu. Mwananchi, akiandika, mara nyingi huandika hasira tu: “Wanatuibia!” Ni kweli, lakini hakuna kifungu kinachoweza kurekebishwa kwa neno hilo.

Stakabadhi mbili zina nguvu zaidi: ya wiki moja kabla ya dharura na ya siku yenyewe, bidhaa ile ile, duka lile lile. Kisha utaje kifungu unachokigusa na ueleze ungependa kisomekeje. Mwenye duka dogo naye aandike, aambatanishe ankara ya msambazaji wake. Akinyamaza, watunga kanuni hawatajua kwamba asilimia 10 inaweza kumbana yeye na kumwacha huru aliyempandishia bei huko juu.